Nafasi Yako Halisi ya ED: Mwongozo Kamili wa Kuipima Kabla ya Kutia Sahihi

Kila Oktoba hunijia ujumbe uleule kutoka kwa watu tofauti. Mwanafunzi amesoma kwamba chuo fulani cha Marekani kinakubali asilimia 13 ya wanaoomba mapema kwa utaratibu wa Early Decision (ED), na chini ya asilimia 4 ya wanaongoja duru ya kawaida. Amegawanya, amepata tatu na ushee, na sasa ana hakika kwamba akiomba mapema nafasi yake inazidi mara tatu. Katikati ya Desemba huniandikia tena, na safari hiyo ujumbe huwa mfupi.

Kugawanya alijua. Alichokosea ni kuichukua asilimia ya watu wote akaifanya yake. Mwongozo huu ni wa kuitafuta asilimia yako wewe, unayeomba kutoka Eldoret, Tanga au Bukavu, na pengine unahitaji chuo kikulipie karibu kila kitu. Kazi yote ni ya jioni tatu. Ukiianza Oktoba 30 umechelewa.

## Vitu vya kuweka mezani kwanza

- Common Data Set ya kila chuo unachokifikiria, ya miaka mitatu ya karibuni. Ni majedwali ya takwimu ambayo vyuo vingi vya Marekani huyachapisha kila mwaka kwa mpangilio mmoja. Andika jina la chuo na maneno hayo matatu kwenye Google, utapata PDF bure.
- Matokeo yako yote ya shule, pamoja na yale usiyopenda kuyaonyesha: KCSE, CSEE, ACSEE, IGCSE, au makadirio ya walimu kama bado hujafanya mtihani.
- Alama za SAT au ACT, mitihani ya kuombea vyuo vya Marekani, au tarehe uliyojiandikisha kufanya.
- Hati za fedha za nyumbani: hati za mshahara, taarifa za benki na za M-Pesa, ritani za kodi, na orodha ya mali, shamba na mifugo ikiwemo.
- Mzazi au mlezi, ana kwa ana. Atatia sahihi, kwa hiyo asisikie habari hizi siku ya mwisho.
- Mkuu wa shule au mwalimu atakayekuwa mshauri wako kwenye Common App, tovuti ya kuombea vyuo vingi vya Marekani kwa fomu moja. Naye atatia sahihi.
- Daftari, au jedwali la Excel.

Kama hati za fedha hazijakamilika, usiruke mbele. Hatua ya pili itakurudisha hapa.

## Hatua ya 1: Elewa unajifunga na nini

Early Decision, ambayo wengi tunaiita ED, ni ahadi. Unaomba chuo kimoja tu kwa utaratibu huo, kwa kawaida kabla ya Novemba 1. Jibu linakuja katikati ya Desemba. Likiwa ndiyo, unaenda, na maombi yako mengine yote unayaondoa.

Vipo vyuo vyenye duru ya pili, ED II, inayofungwa mwanzoni mwa Januari na kujibiwa mwezi wa Februari. Johns Hopkins, Vanderbilt, Chicago, Swarthmore na Pomona vina duru zote mbili. Brown, Dartmouth, Cornell, Duke, Williams na Amherst vina ya kwanza tu.

Usiichanganye na Early Action, EA, ambayo ni ya mapema lakini haikufungi. Harvard, Yale, Princeton na Stanford vina ombi la mapema la aina hiyo, ila vinakukataza kuomba ED kwingine wakati huohuo. Takwimu zao za mapema zisiingie kwenye jedwali lako la ED, kwani zinapima kitu kingine.

Kwa nini vyuo vikubali wengi zaidi kwenye ED? Kwa sababu karibu kila anayekubaliwa hapo anakuja. Chuo kinachokubali watu 100 kwenye duru ya kawaida hakijui kama watakuja 40 au 60. Hiyo hakika ndiyo unayokiuzia chuo, na wewe unatoa uhuru wako wa kulinganisha bei.

Utajua umefaulu ukiweza kumweleza mzazi wako kwa dakika mbili, kwa lugha mnayoongea nyumbani, nini kitatokea Desemba jibu likiwa ndiyo. Akikuuliza "na hela?" usipepese macho. Jibu liko hatua inayofuata.

## Hatua ya 2: Fedha kabla ya asilimia

Nimeiweka hapa makusudi, kwa sababu ndiyo inayofuta vyuo vingi kwenye orodha, na hakuna haja ya kupiga hesabu za chuo ambacho hutaweza kukilipia.

Mwaka mmoja kwenye vyuo hivi, ukijumlisha karo, malazi na chakula, sasa hugharimu dola 85,000 hadi 90,000 na zaidi. Kwa shilingi za Kenya ni kama milioni 11 na kuendelea. Zidisha mara nne.

Kwa mwombaji asiye raia wa Marekani, vyuo viko makundi mawili.

Kundi la kwanza halitazami mfuko wakati wa kuamua nani aingie, na likikukubali linaziba pengo lote kati ya gharama na uwezo wa familia kwa hesabu ya chuo chenyewe. Kufikia 2025 humo walikuwamo Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth, Bowdoin, Brown na Notre Dame, na wengine wachache. Soma tena orodha hiyo ukitafuta wenye ED. Kati ya hao niliowataja wanabaki Amherst, Dartmouth, Bowdoin na Brown. Kwa kijana wa familia isiyo na uwezo, hao wanne wana uzito wa peke yake: unaweza kujifunga nao bila umaskini wako kuingia kwenye mizani ya kukubaliwa.

Kundi la pili linatazama mfuko. Cornell, Columbia, Penn na Duke wamo, na vyuo vingi vidogo vya sanaa huria. Wengi wao pia huziba pengo lote la yule wanayemkubali, lakini faili lako husomwa likiwa limebandikwa bei. Chuo kina fungu la fedha kwa wanafunzi wa kimataifa, na fungu hilo lina mwisho.

Sasa fanya haya.

Kwanza, fungua ukurasa wa msaada wa fedha kwa wanafunzi wa kimataifa wa kila chuo. Usisome ule wa Wamarekani, maana masharti ni tofauti kabisa. Andika kwenye jedwali: anatazama mfuko au hatazami; anaziba pengo lote au sehemu.

Pili, tafuta makadirio ya mchango wa familia yako. Vikokotoo vingi vya kwenye tovuti vimetengenezwa kwa Wamarekani, na ukiviingiza shilingi za shamba la chai vinakupa upuuzi. Angalia kama chuo kina sehemu ya kimataifa kwenye kikokotoo chake. Kama hakina, iandikie barua pepe ofisi ya msaada wa fedha, uwaeleze kipato kwa ufupi, uulize kama wanatoa makadirio ya awali kwa mwombaji wa ED. Wakikataa, umepoteza dakika kumi tu.

Tatu, jaza mapema CSS Profile, fomu ya mtandaoni ambayo vyuo vingi hutumia kupima uwezo wa familia. Chuo cha kwanza ni dola 25, kila kinachofuata dola 16. Vipo vyuo vinavyotoa msimbo wa kusamehewa ada ukiomba, na vingine hupokea fomu isiyolipiwa. Jaza kwa fedha ya nchi yako; usijibadilishie mwenyewe kwenda dola.

Fomu hii ndiyo inayowaangusha watu wetu. Imetengenezwa kwa familia yenye mshahara mmoja, nyumba moja na rekodi benki. Shamba la ukoo ambalo baba analilima lakini hati ina jina la babu, je, ni mali yake? Ng'ombe sita? Duka lisilo na vitabu vya hesabu? Karo ya watoto watatu wa marehemu shangazi? Mahali pa maelezo ya ziada pasiachwe patupu. Andika kwa namba: nani anamlipia nani, kiasi gani, tangu lini. Shamba ambalo hamwezi kuliuza lielezwe hivyo, na kwa nini. Ofisa anayesoma hajawahi kuona hati ya ardhi ya ukoo, na akiachwa akisie atakisia vibaya.

> Onyo. Usitie alama kwamba huhitaji msaada ili uonekane mwepesi, ukidhani utaomba ukishaingia. Vyuo vingi vinavyotazama mfuko havimpi msaada baadaye mwanafunzi wa kimataifa ambaye hakuomba mwanzoni. Nimekaa na familia iliyofanya hivyo kwa matumaini ya harambee. Harambee ilitosha nauli na muhula mmoja.

Lipo jambo moja linaloweza kukufungua. Mkataba wa ED wenyewe unasema kwamba mwanafunzi aliyeomba msaada wa fedha, na akapewa kiasi kisichomwezesha kuhudhuria, anaweza kukataa nafasi na kuachiliwa. Watu huitumia sentensi hii kama mlango wa nyuma. Ni mlango halali, lakini mwembamba: utazungumza kwanza na ofisi ya fedha, watapitia hesabu upya, na utatakiwa kuonyesha kwa hati kwa nini kiasi hakitoshi. Kwa wenzetu wanaoomba vyuo vya kundi la pili, na mchango wa familia haujulikani kabisa, kutia sahihi ni kununua mbuzi kwenye gunia, na kumrudisha mnadani si rahisi.

Na kuna viza. Juni 2025 Marekani ilisimamisha viza za wanafunzi kwa raia wa Burundi, na orodha ya nchi hubadilika kwa tangazo moja tu. Raia wa nchi yoyote ya ukanda wetu aangalie tovuti ya ubalozi kabla ya kujifunga, na akiulize chuo kina utaratibu gani mtu akikubaliwa halafu akanyimwa viza.

Utajua umefaulu ukiwa na jedwali ambalo kila chuo kilichobaki kina namba mbili, mchango unaokadiriwa na mchango ambao nyumbani wamekubali kwa midomo yao. Chuo ambacho namba ya kwanza inaizidi ya pili, kifute kwenye ED. Unaweza bado kukiomba duru ya kawaida.

## Hatua ya 3: Toa namba kwenye Common Data Set

Fungua sehemu C1. Hapo pana jumla ya walioomba, waliokubaliwa na walioingia. Kisha nenda C21, sehemu ya Early Decision: walioomba kwa ED na waliokubaliwa. Vyuo vingine huiacha C21 tupu; kwa hao tafuta taarifa yao ya habari ya mwezi wa Desemba.

Tuchukue Brown, kwa darasa lililoingia mwaka 2023. Kwenye ED waliomba 6,770, wakakubaliwa 879. Hiyo ni asilimia 13. Jumla ya maombi yote ilikuwa 51,302, na waliokubaliwa wote 2,609.

Toa ED kwenye jumla. Duru ya kawaida inabaki na maombi 44,532 na waliokubaliwa 1,730, yaani asilimia 3.9. Ndani ya hao 1,730 wamo pia walioomba ED wakasogezwa mbele, yaani faili lao likahamishiwa duru ya kawaida, hivyo aliyeanza moja kwa moja na duru ya kawaida alikuwa na nafasi ndogo kidogo kuliko hiyo.

Andika pia sehemu ya darasa iliyojazwa mapema. Darasa la Brown lina watu kama 1,700, na 879 ni zaidi ya nusu. Januari inapofika, viti vilivyobaki havifiki nusu, na foleni ni mara sita na nusu ya ile ya Novemba. Hofu ya kuchelewa ina msingi, sikatai.

Sasa rudia kwa mwaka uliotangulia na uliofuata. Usiruke. Duke ilikubali 800 kati ya 4,855 kwenye ED ya mwishoni mwa 2022, asilimia 16.5. Mwaka mmoja baadaye ilikubali 806 kati ya 6,240, asilimia 12.9. Viti ni vilevile; foleni ndiyo iliyorefuka. Anayetumia namba ya mwaka juzi anapima foleni ambayo watu wake wameshaondoka.

Utajua umefaulu ukiwa na safu tatu kwa kila chuo: asilimia ya ED, asilimia ya duru ya kawaida uliyoipata kwa kutoa, na sehemu ya darasa iliyojazwa mapema. Usifurahi bado.

## Hatua ya 4: Ondoa viti vyenye wenyewe

Waliokubaliwa kwenye ED hawakuwa wote kwenye foleni moja nawe. Wapo ambao viti vyao vilishatengwa kabla ya Novemba.

Wanamichezo waliosajiliwa na makocha ndio wengi. Williams ina timu 32 za michezo za chuo na darasa la kwanza la watu kama 550 tu. Timu hizo zinahitaji wachezaji wapya kila mwaka, na makocha huwataka waombe ED ili wasiwapoteze. Kadiri chuo kilivyo kidogo, ndivyo wanavyokula sehemu kubwa ya viti.

Watoto wa wahitimu ni kundi la pili. Vyuo vingine vimeacha kuwapendelea, Johns Hopkins na Amherst vikiwemo. Vingine bado. Angalia sehemu C7, ambapo chuo kinasema chenyewe kama uhusiano na wahitimu huzingatiwa.

Waliopitia programu za ushirikiano, yaani zinazoteua wanafunzi na kuwapeleka kwenye vyuo washirika, kama QuestBridge na Posse, ni kundi la tatu. Baadhi ya vyuo huwahesabu ndani ya takwimu za ED.

Uzito wake ukoje? Kesi ya Harvard iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani Juni 2023 ilianika takwimu za ndani ambazo kwa kawaida hazitoki. Wanamichezo waliosajiliwa walikubaliwa kwa karibu asilimia 86. Watoto wa wahitimu, kama theluthi moja. Wasio na uhusiano wowote wa namna hiyo, chini ya asilimia 6. Harvard haina ED, lakini utaratibu wa viti vyenye wenyewe ni uleule.

Hakuna chuo kitakachokupa namba hizi zimepangwa vizuri, kwa hiyo unakadiria. Tuseme chuo kidogo cha kubuni kinapokea maombi 600 ya ED na kukubali 210, asilimia 35. Duru yake ya kawaida ni asilimia 12.

- Wanamichezo: waliomba 85, wamekubaliwa 80.
- Programu za ushirikiano: 20, wote wamekubaliwa.
- Watoto wa wahitimu: waliomba 60, wamekubaliwa 25.

Waliobaki ni waombaji 435 na viti 85. Asilimia 19.5. Faida ya ED ipo, lakini imeshuka kutoka karibu mara tatu hadi mara moja na nusu na kitu. Na duru ya kawaida nayo ina viti vyenye wenyewe, ingawa vichache zaidi, kwa hiyo usiifanye hesabu hii kuwa msahafu. Kazi yake ni kukutoa kwenye asilimia 35.

> Onyo. Usiondoe watu hadi nafasi ifike sifuri ili ujihurumie. Ukijikuta umetoa zaidi ya theluthi mbili ya viti bila ushahidi wa idadi ya timu au ukubwa wa darasa, rudi nyuma.

## Hatua ya 5: Jipange kwenye foleni yako

Hapa ndipo wengi huishia njiani, kwa sababu matokeo hayapendezi.

Kama chuo hakitazami mfuko, foleni yako ni ya waombaji wa kimataifa kwa jumla. Angalia ni asilimia ngapi ya darasa la kwanza ni wageni. Iko sehemu B2. Kama ni asilimia 12 ya darasa la watu 500, hao ni 60, kutoka dunia nzima, kwa duru zote.

Kama chuo kinatazama mfuko na wewe unahitaji msaada mkubwa, nenda sehemu H6. Inasema wanafunzi wangapi wa kimataifa wanapata msaada wa chuo, na wastani wake ni dola ngapi. Gawanya idadi kwa nne upate makadirio ya mwaka mmoja. Tuseme ni 120: basi ni kama 30 kila mwaka. Wastani ukiwa dola 70,000, chuo kinawabeba watu wenye uhitaji kama wako. Ukiwa dola 20,000, hao wanaobebwa ni wa familia zenye uwezo kukuzidi, na ED pale ni kujifunga kwenye chuo kisicho na mpango na wewe.

Watu huniuliza kama kuomba mapema kunasaidia wakati fungu la msaada bado limejaa. Jibu langu ni ndiyo, kidogo, kwa chuo ambacho H6 yake inaonyesha kinabeba watu wenye uhitaji mkubwa. Ila kumbuka na wenzako wanajua hilo. Mwanafunzi bora wa Kathmandu, wa Accra na wa Hanoi wamesoma ushauri huohuo, na wote wako kwenye foleni ya Novemba.

Utajua umefaulu ukiweza kuandika sentensi moja kwa kila chuo: "Nashindania moja kati ya viti kadhaa hivi, pamoja na watu wa namna hii." Namba iwe ya kukadiria, lakini iwepo.

## Hatua ya 6: Je, faili lako limeiva Novemba 1?

ED inasoma ulivyo Novemba, si utakavyokuwa Januari. Kwa mtahiniwa wa Kidato cha Nne wa Kenya hili ni tatizo la wazi: KCSE inafanyika wakati uleule. Unaandika insha usiku na karatasi ya Kemia ni asubuhi. Matokeo ambayo yangekuwa silaha yako kuu hayajatoka. Ndiyo maana Wakenya wengi waliofaulu huomba mwaka unaofuata, wakiwa na cheti mkononi, na mimi nauunga mkono utaratibu huo bila kusita.

Mtanzania wa Kidato cha Sita ana unafuu. Matokeo yake ya CSEE, ya Kidato cha Nne, yapo, na mtihani wa mwisho ni Mei. Anachohitaji ni walimu wanaokubali kuandika makadirio ya haki, yasiyopunguzwa kwa hofu wala kupambwa kwa huruma.

Pitia orodha hii kwa ukali:

1. Alama za mtihani. Dartmouth, Brown na Cornell wamerudisha sharti la SAT au ACT. Mtihani wa Agosti au Oktoba ndio wa mwisho ulio salama kwa Novemba 1. Linganisha alama yako na sehemu C9 ya Common Data Set, yenye alama za walioingia. Ukiwa kwenye robo ya chini ya alama hizo, ED haitakuinua.
2. Barua za walimu. Mwalimu amekujua vya kutosha, na ameombwa wiki sita kabla? Barua iliyoandikwa kwa kusukumwa huonekana.
3. Insha ya "kwa nini chuo hiki". Futa jina la chuo, uweke la kingine. Kama insha bado inasomeka vizuri, haijaiva.
4. Mshauri. Mkuu wa shule wa kijijini huenda hajawahi kuona Common App. Fomu humjia kwa barua pepe. Nenda kwake na data zako za intaneti, ukae naye hadi atume. Ukiwa ulishamaliza shule, panga safari hiyo mapema, maana mwisho wa Oktoba ofisi nzima imezama kwenye mitihani.

Faida ya ED humfikia aliye karibu na mstari. Aliye mbali nao haivuki, na aliye juu sana angeingia hata Machi. Kama alama yako ya Desemba itakuwa bora kwa dhahiri, ED II ni uamuzi wa busara kuliko kukimbilia Novemba.

## Hatua ya 7: Andika makadirio, kisha amua

Usiandike asilimia moja. Andika masafa: "kati ya 5 na 10", "kati ya 10 na 20". Namba moja inadanganya kwamba unajua zaidi ya unavyojua.

Kisha jiulize maswali haya kwa mpangilio huu. Je, ningefurahi Desemba nikiambiwa nimeingia hapa na sitasikia kutoka kwingine? Je, nyumbani wamekubali bei? Je, masafa yangu ya ED yanazidi ya duru ya kawaida kwa kiasi cha kunifanya niache kulinganisha misaada? Hapana moja inatosha kusimamisha.

Usichague kwa kutafuta asilimia kubwa pekee. Nimeona watu wakipoteza ED yao kwa chuo ambacho hawakikumbuki jina vizuri, kwa sababu tu jedwali lilisema 30. Na wengine huirusha kwa chuo chenye masafa ya 1 hadi 2, wakati kingine wanachokipenda karibu sawa kilikuwa na 10 hadi 15. Kati ya makosa hayo mawili, la pili ndilo ghali zaidi.

Kama hakuna chuo kilichopita maswali yote matatu, usiombe ED. Omba EA panapowezekana na duru ya kawaida kwingine.

## Hatua ya 8: Jiandae kwa majibu matatu kabla hayajaja

Jibu hutoka katikati ya Desemba, na duru ya kawaida ya vyuo vingi hufungwa kati ya Januari 1 na 5. Hizo ni wiki mbili, na Krismasi ndani yake, na stima zikikatika. Kwa hiyo maombi mengine yawe tayari kwa asilimia 90 kabla ya jibu kutoka.

Umekataliwa. Chuo hicho kimekwisha kwa mwaka huu. Tuma mengine, na fikiria ED II kama kipo chuo kilichopita hatua ya 7.

Umesogezwa mbele. Hujafungwa tena. Unaweza kuomba ED II kwingine. Tuma barua fupi ya habari mpya Januari au Februari: matokeo ya KCSE yaliyotoka, tuzo, kazi uliyoifanya. Barua moja inatosha.

Umekubaliwa. Soma barua ya fedha kabla ya kushangilia mtandaoni. Linganisha kila mstari na ile namba iliyokubaliwa nyumbani, ukiangalia kama bima ya afya na nauli zimo. Kuna pengo? Iandikie ofisi ya fedha siku hiyohiyo, ukiambatisha hati, kabla hujaondoa maombi mengine. Hakuna pengo? Yaondoe ndani ya siku chache, kisha mpigie mwalimu aliyekuandikia barua. Pasipoti kama huna ianze wiki hiyo, na tenga dola 350 za ada ya SEVIS, mfumo wa serikali ya Marekani wa kuwasajili wanafunzi wa kigeni, ambayo hulipwa baada ya chuo kukutumia I-20, fomu ya kuombea viza ya mwanafunzi, na kabla ya usaili wa viza.